Bastola Mpya ya Lonnie

Gering, Nebraska
Agosti 19

Kwako kaka Gaylen,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Corinne, na uzipokee ukiwa umekaa na mguu umeuinua kama daktari alivyokuagiza, maana nakujua. Goti linaendeleaje? Wifi aliniambia kwamba umeshaanza kushuka ngazi bila fimbo na kwamba hutaki kukatazwa. Mimi sijambo. Mvua ya mawe ya mwezi uliopita ilitoboa paa la ghala langu na kuyachana majani ya viazisukari huku kwetu kote, ila wakulima wanasema vitapona kabla ya mavuno.

Tulipozungumza mara ya mwisho uliniuliza kama zile bastola za mashindano, zinazotoka kiwandani zikiwa zimeshaboreshwa, zina faida kwa watu kama sisi ambao kila Jumamosi tunashika nafasi ya katikati na kwenda kula. Nikakujibu kwamba nitakuandikia. Najua ulishangaa, kwa sababu swali lenyewe ni la kujibiwa kwa neno moja. Lakini siwezi kulijibu bila kukueleza habari za mdogo wetu Lonnie, na habari za Lonnie siwezi kuzisema kwenye simu.

Unamjua Lonnie. Tangu baba alipotufundisha kulenga shabaha kule nyuma ya zizi, yeye hajawahi kuwa wa kwanza wala wa mwisho, na hilo halijamkosesha usingizi. Alikuwa anapiga kwa bastola ileile ya baba, nyeusi, iliyokwaruzika, ambayo kifyatulio chake unakivuta kama unafungua lango lenye kutu. Duane Hessler, mwenzetu wa klabu, aliponunua bastola ya kifahari, ile yenye mwili mzito usioruka, ndani kumesuguliwa mpaka kunateleza na kifyatulio kinaitika ukikigusa tu, Lonnie ndiye aliyemcheka kuliko wote. Alimwambia mbele ya klabu nzima, "Duane, bastola wamekuletea. Mkono uliuagiza lini, au unakuja na posta?" Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Duane hajaisahau siku hiyo.

Sasa fikiria mwezi wa Machi, Lonnie yuleyule anashuka kwenye gari na bastola ya aina hiyohiyo, tena ya daraja la juu kuliko ya Duane. Bei yake ingenunua ndama mzuri. Nilimuuliza imekuwaje. Akaniambia aliipata kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu wa Cheyenne. Duane akaambiwa kwamba ni zawadi aliyojipa siku yake ya kuzaliwa. Wifi Twyla, mke wake, nilipomdodosa kanisani, alisema anavyojua yeye ni ya kuazima. Gaylen, mtu mwenye sababu moja huwa anasema moja. Kuanzia hapo nikawa simwamini.

Kama unavyokumbuka, mimi ndiye msimamizi wa usalama pale uwanjani na ndiye ninayejumlisha alama. Kwa hiyo niliangalia alama zake. Nilitarajia zipande, na kama zingepanda ningenyamaza. Hazikupanda. Hazikushuka pia. Zilibaki palepale zilipokuwa na bastola ya baba. Nikajiuliza, mtu anatoa pesa zote hizo, anameza maneno yake mwenyewe, ili asiende popote?

Halafu yakaja mengine. Alianza kuchelewa, anafika watu wameshajipanga. Bastola haruhusu mtu aiguse, yeye ambaye zamani angekuazima hata meno. Kahawa hanywi na sisi. Mashindano yakiisha, wengine tunakaa kula chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini, yeye anasema ng'ombe wanamsubiri na anaondoka. Mkono wa kulia unakaa mfukoni muda wote mpaka aitwe kwenye mstari. Nitakuambia ukweli, nilifikiri amerudia pombe. Kuna Jumamosi nilimkumbatia kwa makusudi ili ninuse pumzi yake. Ilikuwa inanuka dawa ya meno, na hiyo nayo niliishuku.

Twyla aliniambia kwamba Jumanne jioni huwa anakwenda uwanjani kufanya mazoezi. Nikamuuliza mzee Orrin anayeshika funguo za lango. Orrin akasema Lonnie hajakanyaga pale siku ya Jumanne hata mara moja tangu theluji iyeyuke. Nilirudi nyumbani. Nikaanza kuhesabu wanawake wote wasio na waume kuanzia hapa mpaka Scottsbluff. Sicheki ninapokuandikia hivi, nawe usicheke.

Duane naye alikuwa na shaka zake, ila zilikwenda upande mwingine. Daraja letu ni la bastola za kiwandani, na sharti ni kuitumia kama kiwanda kilivyoitoa, usiongeze wala usipunguze kitu. Duane akaanza kunong'ona kwamba Lonnie amempelekea fundi bastola yake akakichonga kifyatulio mpaka kikawa chepesi kuliko kinavyoruhusiwa. Alisema mtu asiyetaka bastola yake iguswe ana cha kuficha. Na mimi, dada yake, sikumtetea. Na mimi niliamini kuna cha kuficha.

Jumamosi ya mwisho ya Julai, Duane alisimama akadai bastola ya Lonnie ipimwe. Alisema yuko tayari yake ipimwe kwanza. Ni haki ya mwanachama yeyote, kwa hiyo nilikwenda kuchukua mizani ya kupimia uzito wa kifyatulio. Lonnie aliiweka bastola mezani, akasogea nyuma. Nikakivuta kifyatulio kwa ndoano ya mizani, nikarudia na kurudia, wote wakichungulia juu ya bega langu. Kilikuwa sawasawa na kilivyotoka kiwandani. Cha Duane kilikuwa chepesi zaidi kidogo, ingawa nacho kilikuwa ndani ya sharti.

Duane hakuridhika. Akasema basi niipige mimi mwenyewe, nieleze ina nini. Nilimtazama Lonnie, akaitikia kwa kichwa. Nikaipiga, kisha nikarudia shabaha zilezile kwa bastola yangu ya kawaida. Hapa ndipo penye jibu la swali lako, kaka. Ni tamu mkononi, sikatai. Hairuki, na kifyatulio kinaachia kama barafu nyembamba inayovunjika. Lakini matundu yalikuwa yaleyale, yametawanyika vilevile, na muda niliookoa ni wa kupepesa jicho. Niliwaambia wote kwamba kwa watu wa kiwango chetu, pesa hizo zinunue risasi na mtu afanye mazoezi. Duane akanuna, maana ilikuwa kama nimemsema yeye. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilimsikia Lonnie akicheka. Lakini nilipomrudishia bastola yake, aliipokea kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea bakuli la supu ya moto.

Zamu yake ikafika. Nilisimama nyuma ya bega lake na saa ya mashindano, ile inayolia kumwambia mpigaji aanze, nikabonyeza, ikalia. Alichomoa bastola kiunoni, na kabla mkono haujafika hata usawa wa tumbo, ikafyatuka. Risasi iliingia ardhini hatua moja mbele ya kiatu chake. Vijiwe vikanipiga miguuni. 

Nikamwamuru asimame na atoe risasi. Sauti yangu ilitoka kavu, kama namsemesha mgeni. Alitoa magazini, kile kibweta cha risasi, ikamponyoka, akainama kuiokota, vidole vikaipita. Akajaribu tena. Nikaona. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka peke yake, kuanzia kwenye kiganja, kama una kazi yake mwenyewe ya kufanya na haumtambui mwenye mwili. Niliinama nikaiokota mimi, na nikajisogeza ili mgongo wangu uwakinge wengine wasione.

Sheria inasema mtu akifyatua namna hiyo, siku yake imekwisha. Nilimpeleka kwenye gari lake, nikaingia upande wa abiria. Alikaa akitazama mbele. Nilimwambia asinidanganye tena. Akanieleza.

Kutetemeka kulianza msimu uliopita wa mavuno ya viazisukari. Alidhani ni uchovu wa usukani wa trekta. Mwezi wa Januari daktari wa Scottsbluff akamtajia jina lake, ugonjwa wa Parkinson, uleule uliommaliza mjomba Reuben kwa kumtetemesha taratibu. Jumanne zile alikuwa anakwenda hospitali, kwenye chumba ambamo wazee wanafundishwa kutembea kwa kuhesabu hatua. Alisema kwa bastola ya baba alikuwa hawezi tena. Kifyatulio chake ni kirefu na kizito, mpaka risasi itoke mkono umeshacheza ngoma. Hii mpya mwili wake ni mzito, unatulia, na kifyatulio kinaachia kabla mkono haujashtuka.

"Sikuinunua ili niwe bora, dada," alisema. "Niliinunua nibaki yuleyule."

 Miezi yote ile nilikuwa nikitazama alama zake nikisema hazijaenda popote, kumbe kubaki palepale ndiko alikokununua.

Kisha akaanza kunisihi. Mashindano ya jimbo ni mwezi wa Septemba, na yeye hajawahi kuyakosa tangu akiwa kijana. Akataka niandike kwamba aliteleza kwenye mchanga. Mara moja tu, alisema, baada ya hapo ataacha mwenyewe. Nilimwambia kilekile kinachomsaidia ndicho kitakachomuua, au kimuue aliyesimama pembeni yake. Kifyatulio kinachoitika kwa kuguswa hakifai kwa kidole kinachogusa bila kutumwa. Akakasirika.

"Wewe siku zote unanitazama kama mwizi," alisema. "Ulidhani sikujua ulikuwa unaninusa?"

 Nilimwambia tu kwamba hatapiga tena, na kwamba Jumamosi inayofuata atawaambia watu mwenyewe, na asipowaambia nitawaambia mimi. Nilishuka nikaubamiza mlango. Niliporudi mezani, Duane aliniuliza kuna nini, nikamwambia ale chili yake.

Wiki ile Lonnie hakupokea simu zangu. Nilikwenda kwake, nikamkuta Twyla anamenya mahindi barazani. Nilipoanza kuzunguka maneno, akanikatiza. Alisema anajua tangu kipindi cha theluji. "Mume wangu huyu, Arlys," alisema. "Nalala naye kitanda kimoja. Nimeona vifungo vya shati vinavyomshinda." Habari za mazoezi ya Jumanne alizisema kwa sababu ndivyo Lonnie alivyomwambia, na hakutaka kumvua nguo kabla hajawa tayari. Mimi ndiye niliyejiona nina macho, kumbe yeye alikuwa akituona mimi na Lonnie wote wawili.

Jumamosi Lonnie alikuja. Kiunoni hakuwa na kitu. Alisubiri watu wote wakae mezani, akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza mbele ya sahani yake, ukatetemeka hapo kila mtu akiuona. Akawaeleza kwa maneno machache. Akaomba radhi kwa ile risasi. Mzee Orrin alivua kofia. Hakuna aliyejua atazame wapi.

Duane ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza, polepole, kama basi Lonnie angependa kuiuza ile bastola. Nilitaka kumtupia sufuria. Lonnie akamtazama.

"Unayo moja na haijakusaidia," alisema. "Sasa unataka kukosea kwa mikono miwili?"

Gaylen, walicheka. Duane alicheka mpaka akafuta macho, na sidhani machozi yale yote yalikuwa ya kicheko. Akazunguka meza akaenda kukaa karibu na Lonnie, akamkatia mkate wake wa mdalasini bila kuulizwa, na Lonnie akakubali akatiwe.

Bastola ile imo kwenye sefu yangu. Lonnie mwenyewe aliniletea, akanikabidhi na funguo za kisanduku chake. Kuhusu kumnusa pumzi, nilimwomba msamaha. Alisema atanisamehe baadaye, kwa sasa bado anafurahia kunikasirikia. Namwamini.

Ila yapo mambo mawili aliyonituma nikuambie, ndiyo maana nimeandika. La kwanza, daktari ameuliza habari za familia, kwa ajili ya mjomba Reuben, na Lonnie anataka mimi na wewe tukaonane na madaktari wetu tuwaeleze. Mimi nimekwenda. Majibu yangu ni sawa kwa sasa. Nakuomba nawe uende, usibishe kama unavyobisha na goti. La pili, anakuomba uje mwezi wa Oktoba. Hakutaka kukuambia mwenyewe kwa sababu anasema akisikia sauti yako atalia. Anasema ukifika usiuangalie mkono, umwangalie yeye.

Siku hizi Jumamosi anasimama mahali pangu nyuma ya wapigaji, ameshika saa ya mashindano. Sheria inataka ilie ghafla, mpigaji asijue ni lini. Mimi walikuwa wameshanizoea. Kidole cha Lonnie kinakizunguka kile kitufe, kinakikaribia, kinakipita, kinarudi, na mstari mzima unasubiri pumzi imebanwa. Duane analalamika kila wiki kwamba saa hiyo haibahatishiki. Lonnie anamwambia asubiri kama wenzake.

Nisalimie wifi Corinne sana, na watoto ukiwaona. Twyla anakutumia busu na anasema kitanda cha wageni kimeshatandikwa. Njoo, kaka.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Arlys