Maua ya Mama na Mwanga wa Buluu

Mkomani, Amu
Jumatatu

Kwa dada yangu mpenzi Mwanamkisi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mtangawanda, wewe na shemeji, na binti yenu Lubna, bibi harusi wetu. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Ila tangu tumzike mama, nyumba imekuwa kubwa mno. Napika kikombe kimoja cha mchele na bado wali unabaki.

Jirani yangu Bi Hindu hunitania kwamba hatimaye nimepata mume, maana nashinda chumbani nikizungumza na mashine. Ni ile leza ya mwanga wa buluu niliyonunua kukatia plastiki nyembamba za maua ya hina. Plastiki unaiweka mkononi, unapaka, unaibandua, na ua limetoka. Nyeusi inaikata vizuri sana. Musab, fundi wa Mombasa aliyeniuzia, alisema leza ya bomba la gesi ndiyo inayokata hata plastiki angavu, na kingo hutoka laini, lakini ni kubwa kama kabati. Ile ya kukatia vyuma haitufai kabisa. Akanionya nisikate plastiki bila kuuliza ni ya aina gani, kwani nyingine moshi wake ni sumu. Tena akasema mwanga wa buluu hupita tu kwenye plastiki angavu, kama kwenye kioo cha dirisha. Nikajiambia, huyu anataka kuniuzia lile kabati.

Juzi uliponipigia simu ukitaka Lubna apakwe maua yale mama aliyokupaka wewe, nilikujibu kwamba karatasi aliyoyachora mama ninayo. Nilikudanganya, dada. Sauti ingenikatika, ndiyo maana naandika.

Karatasi imeungua. Nilitaka kumwandalia Lubna zawadi. Nikaitandika chini ya plastiki angavu ili niyaone maua, nikate kwanza umbo la kiganja, kisha niyafuatishe kwa kalamu. Mwanga ukapita. Plastiki haikukatika, na karatasi kavu ile ikashika moto. Nilipoimwagia maji nilikuta majivu. Sikuwa nimeipiga hata picha moja, na siku ya hina yako mama alikataza kamera, unakumbuka.

Mimi maua yale sikuwahi kupakwa, maana harusi yangu haikuja. Niliyaona mikononi mwako tu, na kwa uchungu sikuyatazama sana. Aliyebaki kuyajua ni wewe. Tafadhali yachore unavyoyakumbuka, hata ukikosea. Na ukikasirika, panda boti uje unigombeze humu ndani, mtaa mzima usikie. Lakini usininyamazie, dada. Kimya ninacho cha kunitosha.

Nisalimie shemeji Abdulhalim, na Lubna mbusu kwa niaba ya mama yake mdogo. Mola awahifadhi nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Ibtihal