Gitaa Lenye Alama za Meno

Iringa, Julai 1957

Shemeji Makame,

Barua yako imefika, pamoja na salamu unazosema kaka yako Yunusu amezituma kutoka migodini Rodeshia. Sisi tu wazima. Baridi ya huku unaijua.

Rukia ametimiza miaka minane. Tangu baba yake aondoke anang'ang'ania kupiga gitaa la besi kama yeye, basi jana nilimpeleka kwa fundi Sedekia, anayetengeneza magitaa, achague lake la kwanza. Fundi akampakatisha dogo. Lilimkaa vizuri, lakini akalikataa. Akaenda kwenye kuukuu la nyuzi nne nene lililotundikwa ukutani, akalipapasa ubavuni.

"Mama, meno yangu haya."

Nikainama kutazama. Shemeji, ni alama zile zile alizoziacha alipokuwa anaota meno, Yunusu akakataa zisipigwe msasa. Gitaa hilo aliondoka nalo mgongoni.

Nikamuuliza fundi amelipata wapi.

"Nililinunua Mbeya mwaka jana, kwa Makame mshona viatu. Aliniambia ni la marehemu kaka yake."

Nilikaa chini pale pale kwenye maranda ya mbao. Mwaka mzima unaniletea salamu zake, nami nazijibu.

Sitaki maelezo marefu. Rukia amelichukua, analipiga hapa ninapoandika. Wewe nitajie siku aliyozikwa tu, nijue eda yangu ilikwisha siku gani, nikiwa napika na kucheka.

Mimi,
Mwanakhamisi, mama Rukia