Cherehani ya Nne Kutoka Dirishani

Nyumba za nyuma ya kiwanda cha mashati,
Jumatano, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Sasa hivi mjukuu wako amevuta futi ya kupimia kutoka mezani, akajivika shingoni kama fundi, akanijia anapepesuka na kunipima goti. Ana mwaka na miezi miwili. Nimecheka mpaka kalamu ikaanguka, nikaona nisiahirishe tena kukuandikia.

Hujambo, Shangazi? Mgongo umepoa? Na Bibi, bado anakataa miwani? Sisi huku wazima wa mwili, ila mimi nina donge rohoni.

Kiwanda ulichonifundishia kazi kimefungwa, hilo ulilisikia. Serikali iliondoa ushuru wa mashati ya nje, yakamwagika sokoni kwa bei ya kutupa, yetu yakabaki yanakula vumbi. Tukaambiwa tusilie, kila fundi atafidiwa cherehani aanzie kazi nyumbani. Nimeshona pale miaka sita. Jina langu halimo kwenye orodha.

Unaujua ule mtindo wetu: mwenzio akijifungua, ndugu au rafiki yake anakalia kiti chake na kuitikia jina lake, kazi isipotee. Wifi yangu alinikalia miezi mitatu. Kila asubuhi msimamizi akiniita mimi, yeye anaitika "nipo". Siku makarani wa fidia walipokuja na daftari lao, akaogopa kuidanganya Serikali, akataja jina lake la kweli. Basi cherehani ni ya wifi, ambaye mpaka leo akitia uzi sindanoni hufumba jicho na kumwomba Mungu. Analia, anataka kunipa. Makarani wanasema fidia haihamishwi.

Tukamwandikia mbunge wetu, yule tunayemwita Mama Swali la Nyongeza, maana haketi hadi ajibiwe. Juzi tulimsikia kwenye redio ya fundi viatu. Aliuliza waliofuta ushuru walikaa na fundi gani kabla ya kutia saini. Naibu waziri akasema utaratibu ulifuatwa.

"Ulifuatwa hadi wapi? Huku haukufika," akasema fundi viatu, misumari mdomoni.

Mbunge akasimama tena, akauliza kama Serikali inafahamu kuwa mwanamke aliye uzazini hajaacha kazi. Wakacheka, Shangazi. Ukumbi mzima ulicheka, nami nimekaa pale namnyonyesha mtoto. Mashati waliyovaa yalijishona yenyewe?

Mama wa watu hakuketi. Aling'ang'ania mpaka naibu waziri akakubali: aliyeachwa nje ya orodha apeleke barua ya ushahidi ya mtu aliyefanya naye kazi, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Wenzangu wa hapa wanaogopa kuandika, wasije wakafutwa nao. Siwalaumu sana, ingawa kuna mmoja niliyemkalia kiti mimi mwenyewe zamu ya usiku alipojifungua, na sasa akiniona anavuka barabara. Nimebaki na wewe. Andika kwamba ulinikabidhi cherehani ya nne kutoka dirishani, na kwamba kola yangu ya kwanza uliifumua mara tisa kabla hujaridhika. Asiyefanya kazi pale hawezi kuyatunga hayo. Mpe barua dereva huyuhuyu wa lori aliyekuletea hii, anarudi Jumatatu.

Nikiipata cherehani, nitashona sare za shule. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, na kona ya kuiweka nimeshaifagia.

Nisalimie Bibi na binamu zangu wote, hata yule mchokozi. Mungu akulinde macho na vidole, maana ndivyo vilivyotulea.

Wako akupendaye,
Mtoto wa kaka yako

Nyongeza: Wifi ananiita, lori limeshawashwa, nami sijakuambia jina la mtoto. Baba yake aliniachia nichague, nikaona hakuna jina ila la yule aliyenishika mkono nikatia uzi mara ya kwanza, ndiyo maana huyu binti anaitwa—