Binti wa Mwambani Alisemaje?

Mpendwa Shangazi,

Bado sijaupata. Tangu ututoke, kila nikiingia maktaba nauulizia ule mchezo wetu, na jawabu ni lile lile: umepotea.

Unakumbuka nilivyokuletea habari zake, miaka ile ya tisini, ndiyo kwanza nimemaliza shule? Nilikukuta nyumbani kwako Mji wa Kale, uko kwenye cherehani, nikakusimulia niliyoyasoma. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita, huko Uingereza, wavulana walicheza mbele ya malkia hadithi ya kale ya Wayunani: binti wa mfalme amefungwa mwambani aliwe na dude la baharini, na shujaa yuko tayari kumwokoa mradi apewe amuoe. Maneno ya mchezo hayakubaki hata moja. Ukaacha kushona.

"Kwani hao waloutazama hawakuwa na vinywa?" Kisha ukauliza, "Na huyo binti alisemaje?"

Nikakwambia haijulikani. Ulinikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyeupoteza.

Basi siku ya hina yangu, wanawake peke yetu uani, ukautunga upya. Wenzetu wa Uingereza waliwavika wavulana nguo za kike. Wewe ukamvika Mama kanzu na kofia ya Baba, ukamchora masharubu ya wanja, akawa shujaa. Binti ukawa wewe, na umri wako ule, umefungwa nguzoni kwa leso! Nilicheka hadi hina ikaniharibika mkononi.

Mama akasema, "Nitakufungua, nikuoe."

Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. "Nifungue kwanza. Kisha niulize."

Hakuna aliyeyaandika. Mama hushikilia kuwa ulisema kwa mzaha. Mimi sikuona mzaha. Uliona nini usoni mwangu, Shangazi? Mume nilimjua kwa picha tu, na shughuli yote ilishapangwa bila mtu kutaka kujua nina maoni gani. Ulitaka nikatae? Natamani mno kujua, na wa kunijibu hayupo.

Kwetu mwari akiombwa idhini akanyamaza, kimya chake ndicho kibali. Kesho yake walipokuja kuniomba, kila mtu alikuwa akingojea kimya changu. Nikasema, "Nimekubali," kwa sauti iliyofika barazani. Mpaka nilipojisikia nikilitamka, mimi mwenyewe sikuwa nikilijua jawabu langu.

Mola akuweke mahali pema, nami naendelea kutafuta.

Mwana wa nduguyo