Kofi la Kwenye Picha Limetununisha Nyumbani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nyumba yangu imenuna kwa sababu ya picha ya sinema. Mimi ni Tausi wa Pangani, na mume wangu Uweso zamani alikuwa akiendesha mashine ya sinema Tanga mjini, na mpaka leo kila Jumapili alasiri tunatazama picha za Kihindi za enzi zetu, yeye ananitafsiria hata nisipomuuliza. Jumapili iliyopita binti yetu Mwatumu, anayeolewa mwezi ujao, akatukuta tukitazama ile tuliyoiona tukiwa wachumba, ikafika pale bwana anapomzaba mkewe kofi mbele ya wageni na mke akamwangukia miguuni, Uweso akatabasamu, akasema hilo ni kofi la mapenzi, zamani ukumbi mzima ulishangilia. Mwatumu akamuuliza taratibu, "Baba, mume wangu akinizaba hivyo, utashangilia?"

Uweso alizima televisheni akatoka, na tangu hapo hawasemezani, binti anasema hamjui tena babake, na baba anaumia kuonwa katili, ilhali miaka thelathini na miwili hajaniinulia mkono, na huyu mwanamume mpaka leo hunichambulia miiba ya samaki. Lakini linalonikosesha raha ni langu mwenyewe, kwamba siku ile ukumbini nami nilipiga makofi huku nalia, kwa kuwa mama yangu alikuwa akipigwa vivyo hivyo, na Uweso alipotoka chumba cha mashine akayaona macho yangu mekundu, akadhani picha imenigusa, akanitafutia kanda ya picha hiyo iwe tunu ya harusi. Sijamwambia mpaka leo. Nikimwambia sasa si nitamvunja moyo?

Tausi, Pangani

JIBU

Marahaba, Bi Tausi. Mume wako nimempenda, na wewe nakugombeza. Miaka yote hiyo umemwacha mtu anayekupenda akuwekee kidonda chako mbele ya macho kila mara, naye hajui. Hilo si kumhurumia.

Kofi lile ni moja, ila kila mtu amelitazama akiwa na yake moyoni. Wewe ulimwona mamako. Mwatumu anajiona yeye, mwezi ujao. Uweso pengine alikuona wewe tu, mchumba wake uliyelizwa na picha. Hakuna aliyesema uongo, lakini Uweso amekosea neno: kofi la mapenzi halipo, hata ukumbi mzima ukishangilia. Naye Mwatumu asimhukumu babake kwa tabasamu moja, amhukumu kwa alivyoishi na mamake.

Kanda msiichome. Leo alasiri, mkiwa wawili, mweleze habari za mamako, uanzie huko, sinema ije baadaye. Kisha yeye mwenyewe, bila kukutuma wewe, aende kwa binti yake akampe jibu alilokosa siku ile: "Akikuzaba, mwanangu, rudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mlango nitakufungulia mimi."