Ratili Saba na Ushei

Mama,

Nimejifungua Jumanne. Ni mvulana, hatimaye. Ana ratili saba na ushei. Nesi alisema kilo, lakini wewe na kilo hamkupatana hata siku moja, basi nimekupigia hesabu mwenyewe.

Nikiwa wodini nilikumbuka alipozaliwa Wanjiru, wajina wako. Ulifika saa ya kuona wagonjwa, umebeba chupa ya uji, ukauliza mtoto ana uzito gani. "Kilo mbili na nusu." Kilo ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia madukani, na wewe ulishaamua kwamba ni ratili zilizobadilishwa jina ili watu wapunjwe sukari. Ukasikia ratili mbili na nusu. Sisi ulituzaa wa ratili nane! Ukaweka chupa chini, ukageuka, ukatoka.

Nikadhani umekasirika kwa kuwa ni msichana tena. Kumbe umekwenda mbio hadi kanisani Bahati, kumtoa mchungaji kwenye mazoezi ya kwaya, aje ambatize mjukuu wako kabla hajatuacha. Mlirudi mnahema, kilemba chako kimeenda upande. Wanjiru alikuwa ananyonya kama ndama. Mchungaji akamtazama, akakugeukia: "Mama, huyu ndiye mgonjwa?"

Nesi akaanza kueleza kilo ni nini. Ukamkatiza. "Wacha hayo. Ni ratili ngapi?" Tano na nusu. Ukakaa kitandani kwangu, ukacheka, halafu ukanishika mguu juu ya blanketi, ukalia. Sikuwa nimewahi kukuona ukilia, hata tulipomzika Baba.

Siku hizi ratili zimekwisha, Mama. Mwenye duka ametupa mawe yake ya zamani ya mizani, kitambaa Gikomba ni mita, na wenzako sokoni wanataja kilo kama waliozaliwa nazo. Mimi pia nimezoea, usinune. Juzi nilitaja ratili, Wanjiru akauliza, "Hiyo inaliwa?"

Lakini kurudi nyumbani, Mama... Wale wasichana wawili uliwapokea wewe mlangoni, hata kabla sijavua viatu. Safari hii nilifika na mtoto nikasimama tu pale nje. Mlangoni hukuwapo. Majirani wakaniita niingie, nikabaki palepale. Ndipo Wanjiru akaketi kwenye kiti pale mlangoni, akatandaza leso mapajani, akasema, "Nipe." Nikampa. Akamlaza kichwa kwenye kiwiko, akamfunika masikio, vilevile ulivyokuwa ukifanya. Hakuna aliyemfundisha. Nikaingia.

Krismasi nitawaleta Murang'a, wote watatu, wakae kando yako mchana kutwa. Huyu mdogo nitamfunga vizuri, najua baridi ya huko. Nitamweka juu ya nyasi zilizoota juu yako, nikuachie umwone.

Lala salama, Mama.

Mwanao,
Njeri