Ulivyotembea Ufukweni kwa Mguu Wako Mbovu

Mpendwa Aayo, mama yangu,

Tumekuzika juzi, nyuma ya shamba la ngano, nami nina hasira kuliko machozi. Nakuandikia kwa sababu ya ile safari yetu ya pwani.

Unakumbuka Baba mdogo alivyokukataza? Baba alikuwa amefariki, na yeye akajifanya msemaji wa nyumba yetu. Kwaya yenu ya kanisa ilialikwa Bagamoyo, nawe ukafungasha.

"Mjane, tena mguu mbovu, anakwenda kutafuta nini baharini?"

"Nakwenda kuiona bahari. Basi."

Ukanichukua na mimi, nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Tukapanda lori pale Karatu mjini, tumejifunika mablanketi kwa baridi.

Tulipomaliza kuimba, wenyeji walitupeleka kutwa nzima kwenye hifadhi ya wanyama iliyo kando ya bahari. Tuliteremka mto kwa boti, viboko wakichungulia majini. Ukacheka: "Wa kwetu kule bondeni Kreta wamenona kuliko hawa!" Mto ulipoishia tulishuka. Ilibidi tutembee ufukweni hadi mahali ambapo boti nyingine ingetuchukua. Askari wa hifadhi aliyetuongoza akautazama mguu wako, ule uliovunjwa na maksai ukaunga vibaya.

"Mama, wewe baki kwenye boti, urudi nayo."

"Kwani mchanga huu una mwenyewe?"

Ukavua viatu. Ulitembea ukichechemea, wenzako wametangulia mbali, nyayo za swala zikikatiza mbele yetu hadi kwenye maji. Ulianguka, ukainuka, ukaanguka tena. Kila nilipokushika mkono uliuchomoa. Tulipofika, maji yalikuwa yamejaa na boti imesimama mbali na ufukwe. Askari akainama ili akubebe mgongoni. Ukampita. Ukaingia majini hadi kifuani, kanga ikielea, huku ukianzisha wimbo. Wenzako wakakuitikia kutoka kwenye boti.

Juzi, mbele ya jeneza lako, Baba mdogo alisimama kueleza maisha yako. Akasema ulikuwa mwanamke mtulivu, usiyetoka nyumbani, uliyemtii siku zote. Nilisubiri aitaje safari ile. Hakuitaja. Nikasimama.

"Kaa chini, binti," akasema.

Sikukaa. Niliwaeleza waombolezaji wote habari za boti, za mchanga, za maji yale ya kifuani. Mwanakwaya mmoja, bibi kizee sasa, akapiga kigelegele pale pale makaburini. Wengine wakampokea. Mchungaji akafunga kitabu chake akangoja.

Tangu siku hiyo Baba mdogo hasemi nami. Anatangaza kwamba nimeuaibisha ukoo, na anataka niombe radhi mbele ya kikao cha familia. Nitakwenda, Aayo. Nitawakalisha wanangu mstari wa mbele, halafu nitaisimulia upya safari ile, tangu mwanzo, na atakayechoka kusikiliza aondoke yeye.

Pumzika, Aayo. Mimi sijachoka.

Binti yako